Tumbo Halina Hatia: Vikuzi vya Ubongo na Lugha ya Ulaji

Kiswahili kimejaliwa maneno tele yahusuyo kula. Mtu huonja, hula, hubugia, hufakamia; hudokoa mboga jikoni kabla haijaiva, na hukomba sufuria baada ya wenzake kunawa mikono. Akikosa chakula huwa na njaa. Akitamani nyama ilhali amekwisha kula huwa na uchu. Mwishowe hushiba, hukinai au huvimbiwa. Azidishaye huitwa mlafi ama mroho, naye afuataye moshi wa majiko ya jirani huitwa mdoezi. Mwanafunzi wa semantiki akiyapanga maneno haya katika uga mmoja hatakawia kutambua kuwa mengi yao hueleza kitendo na papo hapo kumhukumu mtendaji. Ulafi ni kosa. Uroho ni kosa kubwa zaidi. Hata kukinai, neno lionekanalo kuwa la mwili tu, limebeba ndani yake wema wa mtu aridhikaye na alicho nacho. Asiyekinai, kwa hiyo, huhesabiwa kuwa na kasoro ya tabia kabla hata mwili wake haujachunguzwa.

Makao ya kosa hilo ni tumbo. Tumbo ndilo linalosutwa katika methali, katika vibonzo vya magazeti na katika mazungumzo ya barazani. Mla rushwa amekula. Mnyakuzi wa ardhi amemeza. Mbunge aliyesahau waliomchagua amevimba tumbo. Fasihi nayo haikubaki nyuma. Katika hadithi ya Said A. Mohamed iliyoipa jina diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ambayo iliwahi kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya, jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kukimaliza chakula chote, nalo linasimama badala ya wenye nguvu wanaotaka kuimeza ardhi ya wanyonge. Ni sitiari yenye makali, na hakuna sababu ya kuikataa. Tatizo linaanza pale ambapo sitiari inatoka kitabuni na kurudi mtaani ikiwa imevaa sura ya ukweli wa kibayolojia, kisha ikamkalia mtoto mnene wa darasa la tatu.

Makala haya yanadai kuwa lugha hiyo ya hukumu imepitwa na maarifa. Kinachompa mtu njaa, kinachomfanya aache kula, na hata kinachotikisa taya zake anapotafuna, kwa sehemu kubwa huongozwa na ubongo, na miongoni mwa viongozi hao mna protini ambazo wanasayansi walizifahamu kwanza kwa kazi nyingine kabisa: kukuza na kuhifadhi seli za neva. Protini hizo zitaitwa hapa vikuzi. Wanaofundisha na kujifunza Kiswahili wana wajibu wa pekee katika suala hili, maana wao ndio walinzi wa maneno ambayo mgonjwa huhukumiwa kwayo.

Kwamba ubongo ndio unaoratibu ulaji si habari mpya. Mwaka 1940, huko Chicago, Hetherington na Ranson walionyesha kuwa panya aliyejeruhiwa katika sehemu fulani ya haipothalamasi hunenepa kupita kiasi. Haipothalamasi ni sehemu ndogo iliyo kwenye kitako cha ubongo, juu kidogo ya paa la kinywa. Mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaonyesha kinyume chake: panya akijeruhiwa sehemu za pembeni za haipothalamasi huacha kula hata chakula kikiwa mbele yake, na huweza kufa kwa njaa akikitazama. Panya wa kwanza hakuwa mlafi. Wa pili hakuwa na kiburi. Tumbo la kila mmoja lilikuwa zima. Miaka 43 baadaye, mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waliipata leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari kuhusu akiba iliyopo. Akiba ikipungua leptini hupungua, na ubongo hufungua mlango wa njaa.

Hata hivyo, tarishi kufika si sawa na ujumbe kutekelezwa. Ndani ya ubongo lazima kuwe na mikono mingine inayoupokea ujumbe wa leptini na kuupitisha kutoka seli hadi seli. Hapo ndipo vikuzi vinapoingia, na historia yao inastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino nchini Italia, alizuiwa na sheria za ubaguzi za utawala wa Mussolini kufanya kazi katika chuo kikuu. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara na kuendelea kuchunguza neva za viinitete vya kuku ndani ya mayai wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, na katika miaka ya 1950, pamoja na Stanley Cohen, wakatambulisha kikuzi cha kwanza cha neva. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Wakati huo Yves-Alain Barde, David Edgar na Hans Thoenen walikuwa wamekwisha kutangaza, mwaka 1982, kikuzi cha pili walichokichuja kutoka katika bongo za nguruwe, kwa kiasi kidogo mno kikilinganishwa na shehena ya bongo zilizotumika. Hicho ndicho kikuzi cha nyuroni kitokacho ubongoni, ambacho maandishi ya sayansi hukiita kwa ufupisho BDNF. Hakuna aliyekitafuta kwa ajili ya chakula. Kilitafutwa kwa sababu seli za neva zikikikosa hunyauka.

Fununu za kwanza zilitokea kwa bahati. Katika miaka ya 1990 watafiti waliowadunga panya kikuzi hiki ubongoni, wakiwa na shabaha ya kutibu maradhi ya neva, waliona wanyama hao wakila kidogo na kupungua uzito. Kisha ukaja ushahidi wa upande wa pili. Kila panya, kama kila binadamu, ana nakala mbili za jeni inayotengeneza BDNF, moja ya baba na moja ya mama. Panya anayezikosa zote mbili hufa mapema baada ya kuzaliwa. Anayeikosa moja huishi, lakini hali yake si ya kawaida: mwaka 1999 Lyons na wenzake waliripoti kuwa panya wa namna hiyo huwa wakali, hula kupita kiasi na hunenepa. Nusu ya kikuzi ilitosha kuwaweka hai, haikutosha kuwashibisha.

Mwaka 2003 Baoji Xu na wenzake waliunganisha vipande. Walionyesha kuwa BDNF hupatikana kwa wingi katika ile ile sehemu ya haipothalamasi ambayo Hetherington na Ranson waliijeruhi mwaka 1940. Walionyesha pia kuwa kikuzi hiki hufanya kazi chini ya amri ya njia ya melanokotini, ambayo leptini huiamsha mwili ukiwa na akiba ya kutosha. Fauka ya hayo, panya akinyimwa chakula, utengenezaji wa BDNF katika sehemu hiyo hupungua. Kwa maneno mengine, mfungo hunyamazisha sauti ya shibe. Mtu aliyejinyima chakula kwa majuma mawili ili apunguze uzito, kisha akajikuta usiku wa manane akikomba sufuria, anaweza kuwa anasukumwa na mambo kadhaa, na hili huenda likawa mojawapo. Rafiki zake watasema hana nia thabiti.

Ya panya yanaweza kubishaniwa. Ya watoto ni magumu zaidi kuyapuuza.

Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakiwemo Giles Yeo, Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, waliandika kuhusu mvulana wa miaka 8 aliyekuwa na unene wa kupindukia, aliyekuwa na matatizo ya kukua kiakili na ya kumbukumbu. Jeni yake inayotengeneza TrkB, kipokezi ambacho BDNF hushikana nacho ili kufanya kazi, ilikuwa na hitilafu. Mlango ulikuwapo, ufunguo ulikuwapo, lakini kitasa kiliharibika. Mwaka 2006 kundi hilo likaripoti juu ya msichana, naye wa miaka 8, aliyekuwa na njaa isiyotulia, unene wa kupindukia, wepesi wa kupotewa na utulivu na ugumu wa kujifunza. Kwake kipande cha kromosomu ya 11 kilikuwa kimepinduka, na nakala moja ya jeni ya BDNF ilikuwa haifanyi kazi. Alikuwa, kwa maana halisi, dada wa wale panya wa mwaka 1999.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulichapishwa mwaka 2008. Han na wenzake walichunguza watu 33 wenye ugonjwa wa nadra ambapo kipande cha kromosomu ya 11 hukosekana tangu kuzaliwa. Kwa baadhi yao kipande hicho kilikuwa kimeondoka na jeni ya BDNF; kwa wengine jeni hiyo ilikuwa imesalimika. Maumbile yenyewe yalikuwa yamefanya jaribio ambalo hakuna binadamu angeruhusiwa kulifanya. Walipofika umri wa miaka 10, wote waliokosa nakala moja ya jeni hiyo, yaani asilimia 100, walikuwa na unene wa kupindukia. Kwa wale waliobaki na nakala zote mbili, waliokuwa hivyo walikuwa asilimia 20. Ugonjwa mmoja, kromosomu moja, tofauti ya jeni moja.

Msomaji na asimame hapa kidogo, amfikirie mtoto wa namna hiyo akiwa amezaliwa katika kijiji chochote cha Kenya. Jina lake la utani litapatikana kabla hajaingia shule ya chekechea. Shangazi watamwonya mamake kuwa anamlea vibaya. Wageni wakifika atafichwa vitafunio, na akikutwa akidokoa atachapwa, kwa nia njema, ili afunzwe kukinai. Akifika shuleni atakuwa wa mwisho katika mbio na wa kwanza katika kuchekwa. Na kwa kuwa hitilafu hiyo hiyo huathiri kumbukumbu na utulivu, ataongezewa sifa ya ujinga na utundu. Makosa matatu kwa mtoto mmoja, na chanzo cha yote ni kukosekana kwa nusu ya protini moja. Waama, hakuna kiboko kinachoweza kurudisha nakala ya jeni.

Kuna utafiti wa karibuni ambao huenda ukawavutia wapenzi wa lugha kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa unahusu kutafuna kwenyewe. Mwaka 2024 Christin Kosse, Jeffrey Friedman na wenzao walieleza njia fupi ajabu ndani ya ubongo wa panya. Nyuroni zenye BDNF katika haipothalamasi hupokea habari za hali ya mwili kwa upande mmoja, ikiwemo habari ya leptini, na kwa upande wa pili hufika kwenye vituo vinavyoendesha misuli ya taya. Nyuroni hizo zilipoamshwa, panya aliacha kula hata alipokuwa na njaa. Ziliponyamazishwa, alikula zaidi ya mara kumi ya kawaida, tena alitafuna hata vitu visivyo chakula alivyowekewa mbele, mathalani kipande cha mbao. Kumbe kati ya shibe na taya hakuna safari ndefu ya tafakuri kama ilivyodhaniwa. Njia hiyo inakaribiana zaidi na kikohozi au kupepesa macho kuliko na uamuzi wa mtu mzima mezani. Binadamu si panya, na ana mengine yanayomwongoza. Lakini anayetumia kitenzi kufakamia kana kwamba ni ungamo la dhambi angefaa kuikumbuka ile mbao.

BDNF si kikuzi pekee chenye tabia hii. Kikuzi kingine, kiitwacho CNTF kwa ufupisho, kilijaribiwa katika miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli hatua kwa hatua hadi kifo. Kilitarajiwa kuokoa neva zao. Hakikuziokoa, bali wagonjwa walipoteza hamu ya chakula na kukonda. Kampuni moja ya Marekani iliona fursa katika msiba huo, ikatengeneza umbo lililorekebishwa la kikuzi hicho ili liwe dawa ya unene. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa wengi wa waliotumia, takriban theluthi mbili, miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya dawa hiyo, na ndoto ikafifia. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kuwa kujua chanzo cha jambo ni sawa na kulitibu. Kwa watoto wenye hitilafu ya leptini, tiba ilipatikana mapema: walidungwa leptini na njaa yao ikatulia. Dawa inayoamsha njia ya melanokotini iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa hitilafu chache za nadra. Kwa anayekosa BDNF hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi, kwa kuwa kikuzi hicho kikidungwa mwilini hupenya kwa shida sana kuingia ubongoni.

Halafu kuna suala la wajawazito, ambalo linaonyesha kuwa lugha ya lawama haiwaandami wanaokula sana peke yao. Kikuzi kiitwacho GDF15 hutengenezwa na viungo mbalimbali, na wakati wa ujauzito hutolewa kwa wingi na kondo. Mwaka 2017 makundi manne ya watafiti yalitangaza kuwa kipokezi chake kimo katika sehemu ya nyuma ya ubongo, mahali ambapo kichefuchefu na kukataa chakula huanzia. Mwaka 2023 ikachapishwa kazi iliyoonyesha kuwa wanawake ambao kabla ya kushika mimba huwa na kiasi kidogo cha kikuzi hiki ndio walio katika hatari kubwa ya kutapika kupita kiasi, kwa sababu ubongo wao haujazoea wimbi linalowajia ghafla kutoka kwenye kondo. Marlena Fejzo, aliyekuwa katika mstari wa mbele wa utafiti huo, alipoteza ujauzito wake mwenyewe mwaka 1999 kutokana na hali hiyo hiyo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mwanamke wa namna hii huambiwa anadeka. Mavyaa humtazama kwa jicho la pembeni: mbona yeye alizaa wanane na hakukosa kwenda shamba? Mla sana ni mlafi, asiyekula ni mwenye madeko. Lugha imewazingira wote wawili.

Pingamizi zipo, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kuwa hitilafu hizi za jeni ni nadra mno. Hazielezi unene wa umati. Ni kweli. Utafiti wa Hali ya Watu na Afya nchini Kenya wa mwaka 2014 ulikuta kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na hakuna anayeweza kudai kuwa theluthi ya wanawake wa taifa wamepoteza jeni ya BDNF. Mafuta ya bei nafuu, soda, chipsi za kando ya barabara, kazi za kukaa na barabara zisizo na njia za waendao kwa miguu zina sehemu yao kubwa. Lakini mazingira hayo hayo huwafikia watu wenye bongo tofauti. Uchunguzi wa jeni za watu wengi uliochapishwa kuanzia mwaka 2009 umeonyesha kuwa tofauti ndogo za kawaida karibu na jeni ya BDNF huambatana na tofauti ndogo za uzito, sambamba na tofauti nyingine nyingi za jeni. Kila moja ni kama punje. Kibaba hujazwa na punje.

Pingamizi ya pili ni ya kimaadili: je, anayekula mali ya umma naye ataingia mahakamani akidai kuwa ni haipothalamasi yake? Swali hili huulizwa kwa kicheko, ingawa jibu lake ni la kifasihi. Ulafi wa mnyakuzi wa ardhi ni sitiari. Hakuna kikuzi kinachoratibu hati miliki. Tamaa ya mali haina kipokezi kilichochunguzwa kikakutwa na kitasa kibovu, na wala mwili haumlazimishi mtu aliyeshiba kumeza kiwanja cha shule. Ndiyo maana inafaa kuzitenganisha maana mbili ambazo Kiswahili kimeziacha zilale kitanda kimoja. Anayezichanganya humwonea mnene na humpa mwizi udhuru wa bure. Kuna ajabu nyingine hapa: kitambi cha tajiri huheshimiwa harambeeni kama dalili ya neema, ilhali unene wa binti wa kidato cha pili ni aibu ya familia. Yule aliyestahili kuulizwa amekula nini haulizwi.

La tatu ni la njaa yenyewe. Utafiti huo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa; ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18. Mtoto wa Turkana anayelala bila chakula wakati wa ukame hahitaji kufafanuliwa vikuzi, anahitaji chakula. Kumweleza njaa yake kwa istilahi za ubongo kungekuwa kejeli. Hilo likubaliwe bila mjadala.

Baada ya kukubali, linabaki suala la lugha. Neno kikuzi limetumiwa katika makala haya kwa kusudi. Atakayelitafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno atapata sababu za ukuaji, na mgonjwa akisikia sababu za ukuaji atafikiri juu ya maziwa, mayai na usingizi wa kutosha. Kichocheo ni neno zuri, ila limekwisha kubebeshwa homoni na vimeng'enya, na kuliongezea mzigo wa tatu ni kulivunja mgongo. Kikuzi kimeundwa kwa njia ile ile iliyotupatia kipokezi: kitenzi kuza, kiambishi ki- na irabu ya mwisho -i. Kina udhaifu wake. Kama ilivyoonekana, BDNF katika ubongo wa mtu mzima haikuzi tu. Hupitisha ujumbe wa shibe na kutuliza taya. Lakini udhaifu huo umo pia katika lugha ambayo dhana ilitoka kwayo, kwa kuwa jina lilitolewa kabla kazi haijajulikana yote. Wanaisimu wanaosubiri istilahi isiyo na doa watasubiri sana.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili hukutana katika chumba cha daktari. Mzazi anayeambiwa kwa Kiingereza jambo asilolielewa, kisha akatafsiriwa kwa mkato kuwa mtoto apunguze kula, hajapata haki ya pili kwa sababu amenyimwa ya kwanza. Idara za Kiswahili, ambazo huzalisha tasnifu nyingi kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya na sajili ya matatu, zingeweza kutenga baadhi ya nguvu hizo kwa sajili ya zahanati: maneno ambayo wauguzi hutumia kumweleza mama uzito wa mtoto, mama anavyoyasikia, na kinachopotea katikati. Uga ni mpana na karibu haujalimwa.

Mhadhiri wa fasihi naye ana nafasi yake. Atakapofundisha jitu la Mzee Mago, na afundishe sitiari kwa ukali wake wote. Unyakuzi haupungui makali kwa sababu panya wa New York ametafuna mbao. Kinachohitajika ni dakika kumi za ziada darasani, mwanafunzi aulizwe kwa nini mwandishi aliyetaka kumchora mnyang'anyi aliazima mwili mnene, ni nani mwingine mwenye mwili kama huo aliyeketi darasani akisikiliza, na ni maneno gani mengine ambayo lugha ingempa mwandishi. Kunyakua lipo. Kupora lipo. Kughusubu lipo, nalo halitaji tumbo la mtu yeyote.

Na kwa yule mvulana wa miaka 8, na yule msichana, na wenzao ambao bado hawajapimwa katika hospitali za kaunti, Kiswahili kinaweza kuanza na sentensi ya kawaida ambayo daktari yeyote angeweza kuitamka na mama yeyote akaielewa: mtoto huyu tumbo lake hushiba, lakini habari ya shibe haipiti ndani ya ubongo ipasavyo. Maneno yote ya sentensi hiyo yamo kamusini tayari.